Daftari la babu nalo ni urithi

Matanga yakishaanuliwa, ndugu hukaa kugawana alivyoacha marehemu. Shamba hupata mwenyewe, cherehani hupata mwenyewe, hata koti la baridi hugombewa. Daftari lake ndilo halina wa kuligombea. Huachwa chini ya kitanda likaliwa na mchwa, au kurasa zake huishia kufungia karanga.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo tumezoea kuuona dukani, lakini ukoo nao una mali yake, na habari zake hupotea vilevile. Mzazi, kama kwenu kuna daftari la babu au bibi, hata likiwa la hesabu tupu, hilo ni fungu la watoto wako.

La kwetu ni la babu mzaa baba. Alikuwa karani kwenye shamba moja la mkonge mkoani Tanga, na aliandika kuanzia 1953 hadi 1968. Kurasa za mwanzo zinachosha: mvua, bei ya mchele, fulani kakopa, fulani karudisha. Watoto wangu walisoma dakika 5 wakarudi kwenye simu.

Kilichowarudisha ni neno moja, kipande. Mdogo alidhani ni kipande cha nyama. Tukampigia shangazi yangu, aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge, akatueleza. Kipande kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi uliyopangiwa, siku hiyo inaandikwa, usipomaliza, haihesabiwi. Ujira ulilipwa kadi ikijaa, hata kama ilichukua mwezi na nusu. Mwezi wa manamba haukuwa mwezi wa kalenda.

Kijana wangu wa kidato cha pili, ambaye manamba anawajua kama jibu la mtihani, akauliza: "Kwa hiyo babu ndiye aliyekuwa anaandika nani kafanya kazi na nani hakufanya?"

Ndiye. Watu waliotoka Songea, Kigoma na hata Ruanda-Urundi walisubiri kalamu yake. Hatukumpamba babu wala hatukumhukumu. Tulimwacha kijana akae na swali lake, na tangu siku hiyo daftari analiomba mwenyewe.

Soma mstari mfupi polepole

Wazee wetu wengi hawakuandika walivyojisikia. Waliandika tarehe, fedha na wagonjwa. Ukitaka hadithi, itafute kwenye hesabu. Babu akiandika ratili 2 za sukari, mweleze mtoto kwamba ratili haifiki hata nusu kilo. Akiandika shilingi kabla ya 1966, hiyo ni shilingi ya Afrika Mashariki, ile ile iliyotumika Kenya na Uganda. Ukishapata vipimo, linganisha: ujira huu ulinunua nini, na ada ya shule ilichukua kiasi gani?

Tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru, babu aliandika maneno machache tu: "Tumechinja mbuzi. Mtoto ana homa." Mtoto huyo ni baba yangu. Nimesoma mengi kuhusu siku ile, ila sikuwahi kufikiri kwamba kuna nyumba iliyoshangilia huku mama akikanda kichwa cha mtoto kwa maji.

Usipolijua neno, usibuni. Mpigie mzee aliyebaki. Na kama daftari limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wengi wa pwani walivyokuwa wakiandika Kiswahili, usidhani ni dua ukaliweka juu ya kabati. Mtafute maalimu akusomee. Huenda ni orodha ya madeni, au barua ya posa.

Ukikuta lisilosemwa

Hapa ndipo penye uzito. Kuanzia 1955, karibu kila mwezi, babu aliandika: "Kwa mama K., shs 10, kwa mkono wa mdogo wangu." Iliendelea miaka 8. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumtaja mama K.

Shangazi alipoulizwa alinyamaza kidogo, kisha akasema tuna dada yao upande wa Handeni. Babu alizaa kabla ya kumwoa bibi. Wakubwa walijua, wadogo hawakuambiwa.

Kikao cha ukoo kikaitwa. Baba mdogo mmoja alitaka kurasa zile zichanwe. Alisema bibi ni marehemu, kwa nini tumvunjie heshima kaburini? Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anamlinda mama yake. Shangazi akamjibu: "Aliyeandika hakuficha. Ninyi mnamfichia nini?"

Kurasa hazikuchanwa. Wazee wawili walikwenda Handeni kimyakimya. Huyo shangazi yetu tuliyekuwa hatumjui alikwishafariki, ila ameacha watoto. Mwanawe mkubwa aliwapokea vizuri, akawasikiliza, kisha akasema jambo ambalo halikuwa akilini mwa yeyote. Mama yake aliishi na kufa akiamini kwamba baba yake hakuwahi kumtumia hata senti.

Basi zile shilingi 10 zilikwenda wapi? Daftari linasema zilitoka mkononi mwa babu. Halisemi kama zilifika. Huenda hazikufika. Huenda zilifika, na bibi mzaa mama yake, kwa uchungu wake, hakumwambia binti. Aliyezibeba hayupo, na watoto wake ni baba zetu wadogo, tunaokula nao sinia moja kila sikukuu.

Tulikubaliana kwamba hatutamhukumu maiti kwa ushahidi wa upande mmoja. Mtoto wa shangazi aliomba kitu kimoja, picha ya ukurasa wa kwanza wenye jina la bibi yake. Alisema, "Angalau alikuwa anaandikwa." Amepewa. Mengine bado yanauma pande zote mbili, na sioni kama yatakwisha mwaka huu.

Nawaeleza haya, wazazi wenzangu, kwa sababu daftari la marehemu ni shahidi mmoja tu. Ni shahidi mzuri, maana aliandika siku ile ile, ila aliona kwa macho yake na aliandika alichotaka kukiandika. Mfundisheni mtoto kuuliza: nani mwingine alikuwepo, na yeye angesema nini?

Kabla hujafungua

Wewe mzazi soma kwanza peke yako hadi mwisho. Mtoto wa darasa la tatu mpe mvua, mbuzi na bei ya sukari. Kijana wa sekondari anaweza kubeba mazito zaidi, mradi asiyasikie kwanza kwa watu wa nje.

Ukikuta jina la mtu ambaye yeye au watoto wake wako hai, waambie wao kwanza. Usirushe ukurasa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ukisharushwa haurudi, na wengine watalisoma jambo la mama yao wakiwa ndani ya daladala. Kama linagusa mirathi au mpaka wa shamba, lipelekwe kwa wazee na msimamizi wa mirathi, lisiamuliwe mtandaoni.

Piga picha kila ukurasa mchana, karibu na dirisha, kwa mpangilio, hata kurasa tupu. Nakala zikae kwa watu wawili au watatu. Usigandishe mipasuko kwa selotepu, kwani gundi yake hugeuka njano na kula karatasi. Daftari lenyewe lifunge kwenye karatasi safi, liweke ndani ya boksi, mahali pakavu, mbali na jiko na ukuta wenye unyevu.

Andika pia kwenye karatasi ya pembeni nani alikueleza neno gani na tarehe gani. Shangazi yangu ana miaka 81. Maana ya kipande tumeipata kwake, na yapo maneno mengine 14 kwenye daftari ambayo bado hatujamuuliza.

Shule zikifungwa, wapeleke watoto kwa mzee wenu mwenye umri mkubwa kuliko wote. Wapeleke na daftari kama lipo, na kama halipo wapeleke na kalamu na karatasi. Ukifika usianze na maswali ya ukoo. Muulize kwanza sukari ilikuwa shilingi ngapi.