Skana Nzima Haitupwi

Skana ya mezani haina mengi ndani yake: kioo, taa, kihisi kinachosoma mwanga, na mota ndogo inayosogeza taa na kihisi kutoka mwanzo wa karatasi hadi mwisho. Hakuna hata kimoja kinachoharibika kwa sababu kompyuta imewekewa Windows mpya. Kinachokwama ni draiva, programu inayoipa skana amri, na hiyo iko mikononi mwa mtengenezaji, ambaye ameamua kuiacha na kutuuzia mashine nyingine. Hasara hiyo hatuna sababu ya kuikubali.

Oktoba 2019 Apple ilitoa macOS Catalina, isiyoendesha tena programu za biti 32. Skana zilizokuwa zikifanya kazi vizuri zikagoma, kwa kuwa programu zake hazikuandikwa upya. Nikon nayo haikutoa kamwe programu yake, Nikon Scan, kwa Windows ya biti 64, ingawa Coolscan 9000 ED, skana yake ya filamu, inasakwa na wapiga picha hadi leo. Lakini ukiwa na programu ya VueScan ya Ed Hamrick, iliyoanza 1998, Coolscan hiyo hiyo inafanya kazi. Hamrick alichunguza jinsi skana na kompyuta zinavyowasiliana, akaandika draiva zake mwenyewe. Sasa programu hiyo inahudumia skana za aina zaidi ya 7,000. Kwenye Linux kuna SANE, mradi wa draiva za skana unaoendeshwa na watu wa kujitolea, nao ni bure kabisa. Ikiwa watu wachache hivi wameweza, kiwanda chenye michoro yote kinajitetea vipi?

Wapo watakaosema VueScan inalipiwa. Ni kweli, na kwa skana ya bei ya chini ni busara kujaribu SANE kwanza. Ni kweli pia kwamba vitufe vya mbele vya skana wakati mwingine havifanyi kazi, na rangi huenda zikahitaji kurekebishwa kwa mkono. Steshenari inayoskani vyeti na vitambulisho kutwa nzima haitakosa usingizi kwa hilo. Hoja nzito ni moja tu: itakuwaje waandishi wa programu hizi wakichoka? Msimbo wa SANE uko wazi, mwingine anaweza kuuendeleza. Wa VueScan hauko wazi. Kwa hiyo mzigo urudi kwa mtengenezaji. Kampuni inayotangaza kusitisha huduma ya skana ilazimishwe kisheria kuchapisha, siku hiyo hiyo, amri zote ambazo mashine hiyo inazielewa.