Kijana akijifunza kompyuta, mpe daftari la kliniki

Wazazi wengi hulalamika kuwa kijana akishapata kompyuta mpakato, haonekani tena shambani wala jikoni. Akiulizwa anafanya nini, hujibu kwa mkato: "Najifunza programu." Mzazi huondoka akitikisa kichwa, maana haoni jambo hilo linaisaidiaje nyumba.

Chukua mfano wa nyumba moja wilayani Ngara. Mama ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kijana wake amemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo. Mama ana daftari lenye majalada magumu ambalo hulibeba kila anapotembelea kaya. Humo hunakili vipimo vya watoto kutoka kwenye kadi za kliniki: jina, mwezi, uzito, na mzunguko wa mkono wa juu. Jioni moja anamsukumia mwanawe daftari hilo na kumwambia, "Baba, kama hiyo kompyuta yako ina akili, nichoree hawa watoto niwaone."

Familia hii ni ya mfano tu, lakini makosa atakayoyafanya kijana huyu hufanywa na karibu kila anayeanza kujifunza programu. Na daftari la aina hiyo lipo katika vijiji vingi, kuanzia Rulenge hadi Nyakahura.

Daftari lenye pande tatu

Kijana anachagua watoto wanane na vipimo vyao vya Januari hadi Juni. Kila mtoto ana vipimo viwili kwa mwezi: uzito kwa kilo na mzunguko wa mkono kwa sentimita. Wanane mara sita mara mbili ni namba 96.

Katika lugha ya Python, kifurushi cha NumPy huzipanga namba hizo katika kitu kinachoitwa arei. Mzazi anaweza kuifikiria hivi: kila mtoto ana ukurasa wake, kila ukurasa una mistari sita ya miezi, na kila mstari una safu mbili za vipimo. Kurasa, mistari, safu. Hizo ndizo pande tatu.

Ukitaka namba moja, unaitaja kwa pande zote tatu: mtoto yupi, mwezi upi, kipimo kipi. Ukitaka nyingi kwa pamoja, unakata kipande. Alama ya nukta pacha husimama badala ya neno "zote". Kwa hiyo `vipimo[:, :, 0]` maana yake ni watoto wote, miezi yote, uzito peke yake. Ni kama kukata mkate: mkate ni ule ule, lakini upande unakoweka kisu ndio unaoamua kipande kitakavyotoka.

Kosa la kwanza: sifuri

Kijana anachora grafu ya wastani wa uzito wa watoto wote. Mstari unaanza vizuri Januari, lakini Machi unaporomoka hadi kilo 8.6, kisha Aprili unapanda tena. Mama anashtuka. "Machi kulikuwa na njaa gani ambayo sikuiona?"

Hakukuwa na njaa. Mtoto mmoja alisafiri na bibi yake kwenda Biharamulo na mwezi huo hakupimwa. Kwenye daftari mama aliacha nafasi wazi. Kijana akajaza 0, naye mtoto wa kilo zaidi ya kumi akahesabiwa kama mtoto asiye na uzito kabisa.

Kutopimwa si sawa na kuwa na sifuri. NumPy ina alama yake ya nafasi isiyo na kipimo, `nan`, na ina hesabu ya wastani inayoziruka nafasi hizo, `nanmean`. Kijana anasahihisha, na bonde la Machi linatoweka.

Mzazi naye ana la kujifunza hapo. Mwezi ambao mtoto hakupelekwa kliniki huacha pengo kwenye kadi, na pengo halimwambii muuguzi lolote. Huenda mtoto alikuwa mzima, huenda aliugua. Hakuna anayeweza kujua.

Kosa la pili: wastani

Sasa grafu inapendeza. Wastani wa Januari ni kilo 9.6, wa Juni ni kilo 10.3. Mstari unapanda kama njia ya kwenda mlimani. Kijana anatabasamu. "Mama, watoto wako wanakua."

Mama hatabasamu. "Na yule wa tano? Kila nikimbeba namwona mwepesi."

Hapa ndipo penye somo kubwa la jioni ile. Watoto saba wakiongezeka vizuri na mmoja akasimama, wastani utaendelea kupanda, na yule mmoja atafichwa na wenzake. Wastani una kazi yake: mganga mkuu wa wilaya anauhitaji ili ajue apeleke nguvu kata gani. Lakini mama mzazi hazai wastani. Anazaa mtoto mmoja mmoja.

Kosa la tatu: kuhesabu kuanzia moja

Kijana anakata kipande cha mtoto wa tano. Anaandika `vipimo[5, :, 0]` na kuchora. Mstari unapanda bila wasiwasi hadi kilo 11.

"Unaona? Huyu hana neno."

Mama angeweza kulala kwa amani usiku huo. Lakini anavuta daftari, anapitisha kidole na kusema, "Huyu si yeye. Huyu binti hajawahi kufika kilo 11."

Mama yuko sahihi. Python huanza kuhesabu kwenye sifuri: mtoto wa kwanza ni 0, wa pili ni 1, na wa tano ni 4. Kijana alikuwa amechora mtoto wa sita. Kompyuta haikulalamika, kwa sababu mtoto wa sita yupo na ana vipimo vyake. Ilifanya ilichoambiwa. Makosa yanayosimamisha programu na kuonyesha maandishi mekundu ni rahisi kuyabaini. La hatari ni hili, linaloleta jibu zuri kuhusu mtoto mwingine.

Dawa yake ni kurudi kwenye karatasi. Kabla ya kuiamini grafu, chukua namba moja kwenye skrini uilinganishe na daftari. Ni kazi ya nusu dakika.

Mstari uliolala

Kijana anaandika `vipimo[4, :, 0]`. Zinatoka namba sita: 8.0, 8.1, 8.1, 8.0, 7.9, 7.9. Anachora, na wote wawili wananyamaza.

Januari binti huyo alikuwa na miezi tisa. Juni alikuwa na miezi 14. Kwa viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, msichana wa kati wa miezi tisa ana kilo 8.2, na wa miezi 14 ana kilo 9.4. Binti alianza karibu kabisa na wenzake, akaachwa nyuma kwa kilo moja na nusu katika miezi mitano. Mzunguko wa mkono nao ulikuwa umeshuka kutoka sentimita 13.4 hadi 12.6.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba kilo 7.9 kwa umri huo bado zinaangukia kwenye eneo la kijani la kadi ya kliniki. Mkono wa sentimita 12.6 nao bado ni kijani kwenye mkanda, kwani njano huanza chini ya 12.5 na nyekundu chini ya 11.5. Mzazi anayetazama rangi peke yake ataambiwa kila mwezi kwamba mtoto ni mzima. Anayetazama mwelekeo wa mstari ataona kwamba mtoto amesimama na ameanza kurudi nyuma.

Mstari unaopanda ni habari njema. Mstari uliolala ni onyo. Mstari unaoshuka hausubiri mwezi ujao.

Asubuhi mama anapita kwenye nyumba ile kabla ya kwenda shambani. Anakuta mtoto anapewa uji mwepesi wa mihogo mara mbili kwa siku, na amekuwa akiharisha mara kwa mara. Anaandika rufaa ya zahanati. Bila hivyo angesubiri rangi ibadilike.

Walioanzisha zana hizi

Wazazi wanaodhani zana hizi ni michezo ya vijana wajue kwamba zilitokana na kazi za tiba. Travis Oliphant, aliyeunda NumPy, alitokea kwenye utafiti wa picha za kitabibu. John Hunter, aliyeanzisha Matplotlib, kifurushi kinachotumika sana kuchora grafu katika Python, alikuwa mtafiti wa ubongo nchini Marekani, akitafuta namna ya kuonyesha mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa kifafa. Alifariki mwaka 2012 kwa madhara ya matibabu ya saratani, akaacha mabinti watatu. Wote wawili wametoa kazi zao bure. Kijana wa Ngara hahitaji kulipa chochote kuzitumia zaidi ya bando la kuzipakua.

Kagera ilishakatwa vipande

Mkoa wenyewe una historia ya namba za namna hii. Kuanzia mwaka 1991 hadi mapema 1994, Benki ya Dunia na Muhimbili walizitembelea kaya zaidi ya 900 katika wilaya zote za Kagera za wakati huo, zikiwemo Ngara na Biharamulo, ambayo bado ilikuwa na eneo la Chato ndani yake. Shabaha ilikuwa kujua familia zinaathirikaje mtu mzima anapofariki, wakati UKIMWI ulikuwa ukiumaliza mkoa. Watu walipimwa uzito na urefu, kaya nyingi zikarudiwa hadi mara nne. Mwaka 2004 watafiti waliwatafuta watu wale wale, wakajikuta na kaya zaidi ya 2,700, kwa kuwa waliokuwa watoto walikuwa wameanzisha miji yao. Mwaka 2010 wakarudi tena. Kaya, miaka, vipimo: pande tatu, kama daftari la mama.

Miezi michache baada ya mzunguko wa mwisho wa awali, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokuwa wakikimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban saa 24 na kupiga kambi Benaco, Ngara. Maji, kuni, zahanati na vyoo vilivyokuwa vya wenyeji wachache vikawa vya umati.

Mtafiti Javier Baez alizikata takwimu za Kagera kwa umbali kutoka kambini na kwa umri wa mtoto wakati ule. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2011, aligundua kuwa wenyeji waliokuwa watoto karibu na kambi walikua wakawa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.8 kuliko ambavyo wangekuwa. Wakimbizi hawakuwa na kosa; walikuwa wakiokoa maisha. Watafiti wengine, Jean-François Maystadt na Philip Verwimp, walizikata kwa aina ya kazi, wakaona kuwa vibarua wa mashambani waliumia kwa ushindani wa ajira huku baadhi ya waliojiajiri wakinufaika. Wastani wa mkoa mzima usingeonyesha lolote kati ya hayo.

Mzazi afanye nini

Kwanza, shika kadi ya kliniki ya mtoto leo usome mstari, usiishie kwenye rangi. Kama nukta tatu za mwisho hazipandi, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda zahanati, ukaeleze anachokula na alivyougua.

Pili, mtoto wa miezi tisa hadi 23 anahitaji mlo mara tatu hadi nne kwa siku, pamoja na asusa na maziwa ya mama. Uji uwe mzito, uwekwe karanga, dagaa waliosagwa au maziwa. Maharage na parachichi vipo katika nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo, vipondwe, apewe.

Tatu, kama una kijana anayejifunza programu, mpe kazi ya kweli. Anzeni na kadi ya mdogo wake: mtoto mmoja, kipimo kimoja, miezi 12. Akimudu hiyo, aongeze kipimo cha pili, kisha mtoto wa pili. Mwambie aandike majina ya pande pembeni, ajaribu namba moja dhidi ya karatasi, na asijaze sifuri pasipopimwa.

Nne, vipimo vya watoto wa wenzako si vya kurusha kwenye makundi ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa za afya. Daftari la mhudumu likiingia kwenye kompyuta, majina yabaki kwenye karatasi na kompyuta ipewe namba tu.

Grafu ya kijana haichukui nafasi ya muuguzi, wala ya mkono wa mama aliyembeba mtoto akamwona mwepesi. Mfano huu ungeishia kwenye mstari wa mtoto wa sita kama mama angeiamini skrini kuliko daftari lake.