Bwawa la samaki Likasi: ulizeni kwanza mchanga umetoka wapi

Mkaaji wa Likasi anayechimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba huuliza maswali mawili: vifaranga vinapatikana wapi, na chakula chao ni bei gani. Simenti, mchanga na bomba vinakumbukwa siku tilapia wanapoelea tumbo juu. Hapo lawama inamwangukia jirani mwenye wivu.

Wachawi waachwe wapumzike. Mji huu, tangu ulipoitwa Jadotville, unaishi kwa shaba na kobalti. Maji machafu ya viwanda vyake yameteremka miaka mingi hadi mto Lufira na ziwa Tshangalele, ambako watu wanavua. Mwaka 2007 mawe yenye mionzi yalimwagwa katika mto Mura, karibu na mji.

Shaba inaharibu mashavu ya samaki. Hata chini ya miligramu 1 katika lita moja ya maji inaweza kuua vifaranga, hasa maji yakiwa na asidi. Kwa hiyo bomba la shaba halifai bwawani, wala maji ya bati jipya lenye zinki. Mvua za kwanza, zinazoosha vumbi la kiangazi juu ya paa, ni afadhali zimwagike nje. Na mchanga uliochotwa karibu na mabaki ya migodi usikubaliwe, hata ukiuzwa nusu bei.

Simenti nayo ina chokaa. Bwawa jipya linaweza kufikisha pH 11 au zaidi, wakati tilapia anataka kati ya 6,5 na 9. Dawa yake ni uvumilivu: kujaza maji, kuyaacha siku kadhaa, kuyamwaga na kurudia kwa wiki tatu au nne, kisha kutia samaki wachache wa kujaribia. Fundi anayesema wiki moja inatosha hatalipa vifaranga.

Lakini samaki aliyekufa amesema ukweli mapema. Wa kuogopwa ni yule anayenenepa huku akikusanya metali mwilini, na kambale anayelala katika tope la chini yuko karibu nazo zaidi. Kumkausha kwa moshi hakuziondoi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa Wakatanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Chakula ni mojawapo ya njia zake.

Kumwambia mama aliyechimba bwawa kwa jembe apeleke maji maabara kwa pesa yake ni kumcheka. Makampuni yanalipa ushuru wa madini, na sehemu ya ushuru huo, kwa sheria ya mwaka 2018, ni haki ya maeneo yanakochimbwa. Meria inaweza kuutumia kupima maji na tope la mabwawa kabla na baada ya mvua, na kubandika matokeo sokoni, kwa Kiswahili.