Gesi imepewa bomba, mgonjwa wa viungo apande basi?

KUNA ugonjwa mmoja unaotajwa leo na madaktari wa Paris, Mumbai na Rio de Janeiro, na jina lake ni la Kimakonde. Chikungunya. Hawakuliokota katika kamusi ya Kilatini. Walilipata huku kwetu, juu ya uwanda wa Makonde, Newala na majirani zake, mwaka 1952 na 1953, wakati hata TANU haijazaliwa. Homa iliangusha vijiji, watu wakashikwa viungo ghafla wasiweze kunyooka, na wagonjwa wenyewe ndio waliosema ugonjwa huu ni ule unaokunja, unaopinda. Mwaka 1955 Daktari Marion Robinson na mwenzake Lumsden wakayaandika hayo kwenye jarida la Waingereza la tiba, pamoja na habari za mbu aliyezaliana katika vyombo vya maji ya kuweka ndani. Uwandani maji yalikuwa ya shida. Akina mama waliyafuata mabondeni na kuyahifadhi mitungini, na mbu naye akapata makazi.

Tangu hapo jina limetembea kuliko wenye jina. Mwaka 2004 ugonjwa uliipiga Lamu, na wapimaji walipopita baadaye walikuta robo tatu ya wakazi wamekwisha kuambukizwa. Mwaka 2005 ukaingia Komoro, ukavuka hadi Réunion ambako mpaka 2006 ulikuwa umewashika kiasi cha theluthi ya watu wa kisiwa kizima. India mwaka huo huo walihesabu wagonjwa zaidi ya milioni moja. Desemba 2013 ukatua visiwa vya Karibi. Na Novemba 2023 Marekani wakaidhinisha chanjo ya kwanza. Jina letu, chanjo yao. (Agosti 2025 waliisimamisha wenyewe kwa kuhofia madhara, lakini hiyo ni hadithi ya mtu mwenye chanjo ya kusimamisha.)

Na huku ulikozaliwa? Huku homa yoyote ni malaria, na maumivu yoyote ya viungo ni uzee, baridi au mkono wa mtu. Hatusemi haya kwa kubuni. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali za Moshi. Zaidi ya nusu yao waliandikiwa malaria. Damu ilipopimwa kwa makini, wenye malaria kweli walikuwa 14. Na katika 700 waliopimwa chikungunya, 55 walikuwa nayo, bila mtu kuwaambia jina la kinachowaumiza. Kama ndivyo ilivyokuwa chini ya Kilimanjaro, penye hospitali kubwa na maprofesa, wasomaji wetu wa Nanyamba na Kitaya wanaweza kukisia hali ya huku.

Tunaanzia hapo kwa sababu suala la safari hii ni viungo. Wengi wanaopata chikungunya hupona katika wiki chache. Lakini wapo ambao homa inaondoka na maumivu yanabaki, miezi, hata miaka, vidole vimevimba, vifundo vya mikono havigeuki, na hali hiyo inafanana mno na ugonjwa mwingine ambao Waswahili tunauita baridi yabisi.

Jina hilo la baridi yabisi limetuponza. Limewafanya watu waamini kwamba ni baridi ya bahari, au sakafu ya saruji, au kuoga maji ya alfajiri. Sivyo. Baridi yabisi ni kinga ya mwili iliyogeuka. Askari waliowekwa kulinda nyumba wanaingia ndani na kuanza kuwapiga wenye nyumba. Watu wa Mtwara hatuhitaji kuwafafanulia sana picha hiyo, Mei 2013 haijasahaulika. Ngozi laini iliyo ndani ya maungio inavimba, inajaa maji, inakula gegedu, kisha inakula mfupa. Na mfupa ukishaliwa haurudi, hata aje daktari wa Mfalme wa Uingereza.

Sasa, kijana wa Chikongola unasoma hapa huku unasema hayo ni mambo ya bibi. Ni kweli ugonjwa huu huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Lakini hausubiri mvi. Unaanza katika umri wowote, na wengi unawakuta katika miaka ya kufanya kazi. Mvuta sigara anajiongezea hatari, na huko vijiweni tunajua nani anavuta. Mwendesha bodaboda ambaye vidole havikamati klachi hana kazi. Kuli wa bandarini asiyeweza kufumba ngumi hashiki gunia la korosho. Mvuvi wa Msimbati akishindwa kuvuta kamba, hilo jahazi si lake tena, hata kama ni la baba yake. Na yule mama aliyekusomesha kwa kubangua korosho, kokwa moja moja, vidole vikiungua kwa mafuta ya maganda, siku akikwambia asubuhi mikono haifunguki usimjibu kwamba ni kazi nyingi, apumzike.

Ugonjwa huu una saa yake, na ndiyo maana tunaandika. Madaktari bingwa wa Ulaya wamekubaliana kwamba mtu mwenye viungo vilivyovimba anapaswa kuonwa na mtaalamu ndani ya wiki sita tangu dalili kuanza, na dawa ya kuuzuia ugonjwa ianze ndani ya miezi mitatu. Hawakuziokota namba hizo. Kwa wagonjwa wengi uharibifu wa mifupa huonekana kwenye picha ya eksirei ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Huo ndio muda ambao kwetu mgonjwa anautumia kuzunguka: kwanza kwa muuza duka la dawa, kisha kwa mganga wa chale, kisha maombi, kisha zahanati, kisha tena kwa muuza duka.

Basi kijana na ajue lini aache kuzunguka. Kubeba mzigo kukaumiza bega siku mbili tatu si baridi yabisi. Angalia hivi. Vidole, vifundo vya mikono au nyayo vimevimba, na mara nyingi pande zote mbili, kushoto na kulia. Ukiamka asubuhi viungo vimekakamaa kama vimefungwa kwa waya, na inachukua nusu saa, saa nzima au zaidi kabla hujaweza kufunga kifungo cha shati. Unachoka bila kazi. Ukipeana mkono na mtu unaona nyota. Hali hiyo ikipita wiki sita, habari ya kungoja imekwisha. Kama ulianza na homa kali na viungo vikagoma baada yake, mweleze daktari hivyo hivyo, taja chikungunya kwa jina lake, ni jina lenu. Na kipimo cha damu kikisoma kwamba hakuna kitu, usikubali kufukuzwa: wapo wenye baridi yabisi halisi ambao kipimo chao hakioneshi, na daktari mzuri huangalia mikono kabla ya karatasi.

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, na homa juu, hapo usihesabu wiki wala siku. Nenda leo. Huenda ni usaha ndani ya goti, nao unaua.

Lipo na jambo la mgongo. Vijiweni maumivu ya mgongo yana tafsiri moja tu, na nyote mnaijua, ndiyo maana wauza mizizi hawalali njaa. Lakini kuna ugonjwa wa uti wa mgongo, ndugu wa baridi yabisi, ambao mara nyingi huanza kabla ya umri wa miaka 40. Alama yake ni kwamba mgongo wa chini unakuamsha usiku wa manane, unazidi ukilala na unapungua ukitembea. Mgongo wa kubeba zege hufanya kinyume chake. Ukikaa nao zaidi ya miezi mitatu, mizizi haitakusaidia.

Tuje kwenye dawa, maana hapa ndipo vijana wetu wanapoharibiwa. Ukienda dukani ukasema jointi zinauma, utapewa diklofenaki. Inatuliza, haizuii. Maumivu yanapungua huku mfupa unaendelea kuliwa chini kwa chini, na ukiimeza miezi na miezi itatoboa tumbo na kuchosha figo. Wajanja zaidi watakupa prednisoloni, vidonge vidogo, na kesho yake utacheza mpira. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Prednisoloni ina kazi yake mikononi mwa daktari, kwa muda na kwa kipimo. Ukijinunulia mwenyewe mwaka mzima uso unavimba kama mwezi, sukari inapanda, mifupa inakuwa myepesi, na ukiiacha ghafla mwili unaweza kuzimika. Mtu anayekuuzia bila cheti hakuambii hayo kwa sababu kesho anataka urudi.

Dawa yenyewe inayouzuia ugonjwa, ile ambayo dunia nzima huanzia nayo, inaitwa methotreksati. Si dawa mpya wala ya matajiri. Ni kongwe, hakuna kampuni inayoimiliki peke yake, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu miongoni mwa dawa muhimu. Kwa baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, siku moja iliyochaguliwa, pamoja na asidi foliki. Narudia kwa wenye haraka: kwa wiki, si kwa siku. Wapo waliokufa sehemu mbalimbali za dunia kwa kuimeza kila siku. Damu na ini hupimwa mara kwa mara, mwanamke mwenye mimba haruhusiwi kabisa, na ninyi wa msimu wa mabibo, uraka na dawa hii havikai tumbo moja.

Sasa tuihoji Serikali ya CCM. Dawa ni kongwe, dalili zinaonekana kwa macho, ugonjwa una saa inayojulikana. Mkoa una Hospitali ya Rufaa ya Ligula. Kuna Ndanda ya wamisionari. Kuna Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, jengo zuri, hatubishi, walalahoi tumelisubiri miaka mingi. Tunauliza: ni siku gani ya wiki ambayo mtu wa Tandahimba anaweza kufika huko akijua kuna kliniki ya viungo? Methotreksati ipo kwenye rafu, au ipo kwenye orodha? Mganga wa zahanati ya Mahurunga amefundishwa kutofautisha goti la uzee na mkono wa baridi yabisi? Damu ya mwenye homa na viungo inapimwa chikungunya wapi, katika mkoa uliompa ugonjwa huo jina?

Madaktari bingwa wa viungo nchi hii ni wa kuhesabu kwa vidole, tena vidole vizima. Kwa hiyo jibu la kawaida ni lile lile: nenda Muhimbili. Vigogo wakishikwa magoti hupanda ndege kwenda India, hawaulizi nauli. Mlalahoi wa kusini anaambiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 za barabara, tena kila baada ya miezi michache, maana ugonjwa huu hautibiwi kwa safari moja. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993 amezoea kulipa. Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, na tuliishangilia hata sisi wa upinzani. Lakini bima hailipi kitanda cha gesti Manzese, wala chakula cha anayemsindikiza mgonjwa, wala siku tatu za bodaboda iliyosimama.

Tukumbushane kidogo. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Ilipotakiwa Dar es Salaam, Serikali hiyo hiyo ilikopa China zaidi ya dola bilioni 1, ikafukia bomba ardhini, na mwaka 2015 gesi ilikuwa inafika. Hakuna aliyesema kilomita 500 ni mbali. Hakuna aliyeiambia gesi ipande basi. Hatudai bomba la wagonjwa. Tunadai daktari mmoja wa viungo aje kusini kwa tarehe zinazotangazwa, mara moja kwa mwezi kwa kuanzia, na madaktari wa huku wafundishwe naye ili akiondoka kazi ibaki. Tunadai dawa ya wiki ipatikane Ligula na Mitengo mwaka mzima, pamoja na kipimo cha ini. Tunadai waganga wa zahanati za mwambao, kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma, wapewe karatasi moja ya Kiswahili inayosema wiki sita. Wabunge wa mkoa huu wanalipwa posho ya kukaa. Wasimame siku moja waulize hayo bungeni, na jibu la Waziri tutalichapa ukurasa wa kwanza bila kuongeza neno.

Wakati wanajiandaa, wajue mabasi ya Dar huondoka Mtwara alfajiri. Ndiyo saa ambayo mwenye baridi yabisi hawezi kushika chuma cha mlango wa basi.