Fundi, Usifomati Kabla Hujaisoma

Nitasema hivi na mkasirike mkitaka: fundi ambaye dawa yake ya kila ugonjwa ni kufomati si fundi. Ni mtu mwenye flashi.

Mnamjua. Yuko Rangwe sokoni, yuko Rodi Kopany, yuko Homa Bay mjini, na binamu yake yuko Rongo. Laptopu yako inaleta skrini ya bluu, unampelekea, na kabla hata hajaangalia hiyo skrini imeandika nini anakuuliza, "Omera, uko na kitu ya maana huko ndani?" Kitu ya maana! Kwani nilinunua laptopu niweke nini ndani, ugali? Anachomeka flashi, anaenda kunywa chai, na baadaye unarudishiwa mashine safi kama sahani iliyolambwa. Mia tano zako zimeenda. Wiki tatu hazijaisha, bluu imerudi. Unampelekea tena. Anafomati tena.

Hii mchezo imeumiza watu. Kuna msichana namjua, mradi wake wa mwaka wa mwisho ulifutwa hivyo kwa duka fulani, wiki mbili kabla ya kuwasilisha. Akaanza kuandika upya usiku na mchana. Mashine ikazima tena katikati. Shida ilikuwa nini? RAM. Kipande kimoja cha RAM kimeoza. Hiyo ungefomati mpaka Yesu arudi.

Na hapa ndipo hasira yangu iko: mashine ilikuwa imesema. Windows ikianguka haifi kimya. Inaandika dampu, yaani picha ya kumbukumbu yake wakati ule wa kuanguka, kwanza ndani ya pagefile, halafu ukiwasha tena inaihamishia C:\Windows\Minidump. Iko hapo, ina tarehe na saa. Ni kama marehemu ameacha barua inayotaja aliyemuua, na wewe badala ya kuifungua unachoma nyumba. (Na wale mnaozima pagefile ndio mashine "iwe fasta", nyinyi mmemnyang'anya marehemu hata kalamu.)

Kuisoma si uchawi. WinDbg ni ya bure kwa Microsoft. Unafungua dampu, unaandika .symfix, halafu .reload, halafu !analyze -v, unangoja. Kitu pekee inachodai ni simboli, faili za PDB ambazo zinabadilisha namba tupu kuwa majina ya kazi zilizokuwa zinaendelea ndani ya karneli. Na lazima zioane. Si "zikaribiane", zioane kabisa. Kila ntoskrnl.exe ina kitambulisho chake ndani, na PDB yake ina kitambulisho hicho hicho. Apdeti ikija, karneli inabadilika, kitambulisho kinabadilika, simboli za jana hazikusaidii tena. Ukilazimisha za toleo lingine utapata majina, ndiyo, lakini ya uongo, na utamlaumu draiva ambaye hakuwepo hata kwenye mtaa. Ndiyo maana unaiacha WinDbg yenyewe ichukue zile sahihi kwa seva ya Microsoft. Inachukua za faili inazohitaji tu, kwa hivyo usiniambie habari ya bando. Bando ya TikTok uko nayo.

Wakubwa wa hii kazi walikuwa wanaenda mbali zaidi. Zamani Microsoft walitoa Windows kwa matoleo mawili: la kawaida, na la ukaguzi, ambalo ni zito na la polepole kwa sababu ndani limejaa vipimo vya kushika makosa. Hukulazimika kuweka Windows nzima ya ukaguzi. Ulichukua karneli na HAL peke yake, ukaziweka ndani ya System32 kwa majina mapya, ukaongeza mstari kwa boot.ini, na baadaye kwa bcdedit, ndio mashine iweze kuwaka kwa njia mbili. Lakini sheria ilikuwa kali: karneli ya ukaguzi na HAL ya ukaguzi, toleo moja, pete na chanda. Changanya moja ya huku na nyingine ya kule, mashine haiwaki. Kuanzia Windows 10 toleo la 1803, mwaka 2018, hayo matoleo yaliachwa. Lakini Driver Verifier imebaki ndani ya kila Windows. Andika tu verifier. Na ukishuku RAM, andika mdsched. Ni bure, iko hapo tayari, na sijawahi kuona fundi wa hapa akiigusa.

Watu wa Linux msicheke. Nyinyi pia mnavuta simboli za karneli bila kuangalia uname -r, halafu mnashangaa kwa nini dampu haisomeki.

Kuna mtu ataniambia hayo ni mambo ya wazungu wenye ofisi kubwa. Tarehe 19 Julai 2024, apdeti moja ya CrowdStrike iliangusha kompyuta kama milioni 8.5 duniani. Ndege zikakwama. Kama dunia ingekuwa na mafundi wetu tungefomati zote milioni nane. Watu walifungua dampu, wakaona draiva ya CrowdStrike imegusa mahali pa kumbukumbu pasipofaa, na dawa ikawa kuwasha kwa hali salama na kufuta faili moja. Moja! Kazi za watu zikabaki.

Mwingine atasema mteja ana haraka. Sawa, na kufomati, kuweka draiva na kurudisha Office kunachukua muda gani? Dampu ndogo unaisoma kabla chai yako ipoe. Ukweli ni kwamba mteja anayerudi kila mwezi ni biashara nzuri.

Lakini sitawaachia mafundi lawama yote. Nilikaa chuo nikasoma mifumo endeshi semesta nzima, kwa karatasi. Tulichora michoro ya karneli, tukataja kazi zake sita, tukapewa alama. Hakuna siku hata moja mtu alitufungulia dampu. Halafu huyo mhitimu anarudi nyumbani na digrii, na anachojua kufanya kwa skrini ya bluu ni kile kile anachojua yule wa flashi. Sasa tofauti ya hao wawili ni nini, gauni?

Kwa hivyo kuanzia leo, ukipeleka mashine, usikubali swali la "kitu ya maana". Uliza wewe kwanza: dampu inasema nini? Akikosa jibu, beba laptopu yako.

Jumamosi jioni niko live. Leta dampu yako tuifungue pamoja. Mafundi pia mnakaribishwa, flashi mziache nyumbani.