Programu Yangu na Dereva wa Foklifti

Nilipotea wiki tatu kwa sababu ya kazi ya godauni moja hapa Nairobi, kando ya Barabara ya Mombasa. Leo nataka kulalamika, na wa kwanza kulalamikiwa ni mimi mwenyewe.

Kazi ilikuwa kuandika programu ya kupanga mizigo. Paleti ikiingia, kompyuta inamwambia dereva aipeleke rafu gani. Chuo kikuu walitufundisha kutafuta kitu kwenye jedwali, nami nikaandika hivyo hivyo: nafasi iko wazi au haiko wazi. Basi. Kuhusu foklifti niliweka nambari ya mashine tu.

Kumbe foklifti si moja! Ile ya kawaida, yenye chuma kizito nyuma cha kusawazisha mzigo, ni nzuri ya kushusha lori, lakini kati ya rafu inataka njia ya mita 3.5 au zaidi ndipo igeuke. Tena ikiwa ya dizeli usiifanyishe kazi ndani ya jengo lililofungwa, moshi wake unaua. Huko ndani hutumika ile ya betri ambayo dereva hukaa ubavu na uma hujisukuma mbele hadi kwenye rafu. Hiyo huhitaji njia nyembamba zaidi, na hupanda juu sana.

Hapo kwenye kupanda ndipo nilipokosea. Programu ilimwagiza dereva mmoja, mtu wa umri wa baba yangu, apandishe paleti ya kilo 1,300 rafu ya juu kabisa. Mashine yake ni ya tani 1.6. Akakataa. Programu ikaandika "amechelewa", mara ya 11 wiki hiyo, na bosi akaanza kuandaa barua ya onyo.

Nilipomwendea alinionyesha kibao cha chuma karibu na usukani. "Soma, kijana. Hizo tani ni za chini. Kule juu ni kilo 900." Kadiri uma unavyopanda ndivyo uwezo unavyopungua. Unapungua pia katikati ya mzigo ikiwa mbali kuliko ule umbali ulioandikwa kwenye kibao, mara nyingi milimita 500 au 600 kutoka mgongo wa uma. Nikakagua zile mara 11. Zote alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekuwa nikimtuma akapinduke.

Kwa maoni yangu, programu isiyojua kibao hicho haina haki ya kumpima dereva kwa dakika. Na sisi tunaoandika tushinde godaunini siku mbili kabla ya kufungua kompyuta.

Barua ilichanwa. Nimeingiza vibao vya mashine zote, na nimeongeza kitufe cha dereva kukataa mzigo bila kuhesabiwa kuchelewa. Bosi hakitaki, anasema watakitumia kwenda kunywa chai. Tunakutana tena Jumatatu, na mimi sikitoi.