Tiara na Wapita Pwani

Ukienda Diani wakati wa kusi, msomaji, utaona tiara kubwa angani, na chini yake watu wakiteleza juu ya mawimbi kwa mbao. Ni mchezo wa kupendeza, wala sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na neno lisemwalo na baadhi ya wachezaji: ati apitaye kwa miguu na ajihadhari mwenyewe.

Neno hili si la haki. Kwa kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010, ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Mvuvi wa pweza, mchuuzi wa madafu na mtoto achezaye mchangani wana haki sawa na mwenye tiara; uwezo wa kudhuru ndio usio sawa. Kamba za tiara huweza kupita mita 20. Ni nyembamba, na zikikazwa na upepo hukata nyama. Mtoto hazioni. Nani basi apaswaye kujihadhari: ajuaye hatari au asiyeijua?

Kabla ya kurusha, mchezaji na atazame upande uendako upepo, maana huko ndiko tiara iangukako. Akishuka, azikunje kamba papo hapo, asiziache zimetandazwa njiani. Na akiona waogaji mbele yake, ageuze ubao, hata kama wimbi lililo bora liko kwao.